Kupiga Vanishi Upya Makabati ya Jikoni Bila Kubandua ya Zamani

Kabati la mninga huchakaa kwanza pale linapoguswa sana, yaani kuzunguka vishikio na kwenye ukingo wa chini wa milango. Ikiwa vanishi ya zamani imefifia tu wala haijabanduka, mikono miwili mipya, yaani kupaka mara mbili, inatosha, lakini ni lazima kwanza ujue chini yake pamepakwa nini.

Nyuma ya mlango, karibu na bawaba, dondoshea tone la spiriti, usubiri dakika mbili, kisha uguse. Pakinata, hiyo ni shelaki (vanishi ya utomvu inayoyeyuka kwa spiriti), na ni salama zaidi kuifuta kwa spiriti kabla ya kupiga kitu kingine. Pasiponata, jaribu tone la tina (kiyeyusho cha rangi, "thinner") pembeni yake: pakiyeyuka ni laka (aina ya vanishi inayokauka haraka), na pakibaki pagumu, yaelekea ni vanishi ya mafuta iliyokwisha kukomaa. Vanishi ya mafuta hupigika juu ya laka iliyosuguliwa vizuri, ila usijaribu kinyume chake, kwa sababu tina iliyomo ndani ya laka huikunja vanishi ya chini.

Adui mkubwa jikoni ni mafuta ya kupikia, ambayo hupanda na mvuke na kutanda juu ya mbao bila kuonekana. Osha kila mlango kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, uache ukauke, halafu pangusa kwa kitambaa chenye tapentaini, ukibadilisha kitambaa mpaka kitoke safi. Haya yote yatangulie msasa. Mimi niliwahi kuanza na msasa kwenye mlango ulio juu ya jiko. Mafuta yakaingia kwenye mikwaruzo, na vanishi ikajitenga ikaacha vishimo vya mviringo mlango mzima, nikalazimika kuanza upya.

Fungua milango na vishikio, uipe milango namba, kisha piga msasa wa 220 kwa kufuata nyuzi za mbao mpaka mng'ao uishe na uso ufifie sawasawa. Kwenye kona tumia mkono mwepesi, kwani ukifika kwenye mbao tupu patabaki doa la rangi tofauti. Futa vumbi lote.

Laza mlango. Koroga vanishi polepole, usitikise kopo, maana mapovu yake huganda pamoja nayo. Mkono wa kwanza uzimuliwe kwa tapentaini, takriban sehemu moja kwa kumi, ikiwa maelezo ya kopo yanaruhusu. Paka nyembamba, malizia kwa ncha za brashi kutoka ukingo hadi ukingo, na usirudie mahali palipoanza kushika, hata ukiona kasoro.

Vanishi ya mafuta huhitaji takriban saa 24, na wakati wa masika huko pwani huchukua muda zaidi. Kipimo ni msasa wenyewe: ukitoa unga mkavu, sugua kidogo kwa namba 320, ufute, upige mkono wa pili; lakini msasa ukijaa utando, subiri.

Vitambaa vyenye vanishi ya mafuta huweza kujiwasha vikifinyangwa pamoja, kwa hiyo vitandaze nje vikauke. Milango irudishwe baada ya siku mbili au tatu, lakini isisuguliwe kwa sabuni kwa muda wa mwezi mmoja hivi.