Umenunua kitambaa, hujanunua mchoro

Mwaka juzi nilipata oda ya mifarishi 12, yale matandiko yaliyojazwa pamba, ya vitanda vya watoto. Nikashuka Kariakoo, nikanunua kitambaa chenye katuni ambayo kila mtoto anaijua. Nilishona wiki tatu usiku na mchana, nikapiga picha, nikaziweka mtandaoni nipate na wateja wengine. Siku ya nne picha zote zikaondolewa, mwenye katuni kalalamika. Aliyeweka oda aliposikia, akaghairi. Mifarishi ikabaki kwangu, na hela ya kitambaa na pamba ikawa imekwenda.

Jioni ile nilikunjua kipande kilichobaki nikakitazama pembeni, ule ukingo mwembamba tunaoukata na kuutupa. Ulikuwa mweupe mtupu. Kitambaa cha katuni kilichochapishwa kwa ruhusa mara nyingi huwa na jina la mwenye mchoro ukingoni, na alama ya herufi C ndani ya duara. Basi kabla hujalipa, mwombe muuzaji akufunulie ukingo wa jora. Usipoona jina, kirudishe. Na ukiliona, soma maneno yote, maana vingine vimeandikwa kwamba ni vya matumizi ya nyumbani, si vya kushonea bidhaa za kuuza.

Tangu hapo, kabla sijashika mkasi najiuliza: mchoro huu kachora nani? Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, inamlinda mchoraji tangu anapomaliza kuchora, hata kama hajasajili popote. Kwa hiyo "nimeukuta mtandaoni" si ruhusa.

Wengine wataniambia Mickey Mouse sasa ni wa kila mtu. Ni kweli kwamba yule wa kwanza kabisa, wa 1928, alitoka kwenye hakimiliki tarehe 1 Januari 2024, lakini hiyo ni Marekani, na wengi waliochorwa baadaye bado wana mwenyewe. Juu ya hayo kuna alama ya biashara, ambayo ni sheria nyingine kabisa. Ndiyo maana nembo ya Simba au Yanga siitarizi kwenye mto wa kuuza, hata mteja anibembeleze vipi. Nembo ni ya klabu. Ninachomshonea ni mto mwekundu au wa kijani na njano, basi.

Kanga haina shida kubwa. Doti uliyonunua dukani ni yako, ikate uunge vipande upendavyo, na jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, likiwa methali ya wahenga hakuna wa kukudai. Usichoruhusiwa ni kuupiga picha mji, yaani mchoro wa katikati, wa kanga ya kiwanda fulani na kuupeleka ukachapishwe upya kwenye kitambaa chako. Vivyo hivyo na miundo ya viraka: nyota, miraba, pembetatu zilizopangwa, hayo ni ya watu wote. Ila karatasi ya kukatia uliyoinunua, pamoja na maelezo yake, ina mtunzi. Usiitoe kopi ukawauzia wanafunzi wako wa cherehani.

Kwenye picha za Tingatinga ndipo mafundi wengi tunapowaumiza wenzetu, na jambo hili linanikera kweli. Edward Saidi Tingatinga alianzisha mtindo ule hapa Dar es Salaam miaka ya 1960, na mtindo hauna mwenyewe. Chora tembo wako mwenye madoadoa, hakuna ubaya. Lakini picha ile iliyoning'inia pale Morogoro Stores, Oysterbay, wanakouzia wachoraji wa Tingatinga, kaichora mtu, ana familia na kodi ya kulipa. Kuipiga kwa simu na kuichapisha kwenye foronya ni kumwibia jirani.

Mimi nilimwendea mchoraji mmoja, tukaketi, tukaandikiana kwenye karatasi moja: picha ni ipi (tulibandika nakala yake ndogo), itawekwa kwenye foronya tu, zisizidi 60, kwa mwaka mmoja, kila inayouzwa anapata shilingi 2,000, na jina lake litakuwa kwenye lebo. Tukasaini wote wawili, kila mmoja akabaki na nakala yake. Zile foronya ziliisha haraka kuliko chochote nilichowahi kushona, kwa sababu wateja walipenda kujua nani kachora.

Kama mwenye mchoro yuko mbali, mwandikie kwa ufupi: "Habari. Mimi ni fundi wa Dar es Salaam. Naomba ruhusa ya kutumia mchoro wako huu kwenye mikoba 20 ya kuuza. Nitataja jina lako. Unataka malipo kiasi gani?" Asipojibu, hajakubali. Tafuta mwingine.

Na kazi zako mwenyewe zilinde. Weka michoro yako kwenye daftari lenye tarehe, piga picha kazi ikiwa bado vipande mezani, na ile unayoitegemea kwa biashara ipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Jina la lebo yako lisajili kama alama ya biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuisha kila baada ya miaka 10. Kama unauza na Zanzibar, kule usajili ni wa peke yake, wa Bara haukufikishi.