Somo: Kompyuta ya mezani inaganda na kupoteza picha, uanzie wapi

Kaskazi ikishakolea hapa Tanga, malalamiko yanayoletwa kwa mafundi huwa ni yale yale: "Fundi, inaganda, halafu kioo kinakuwa cheusi." Wengi wanafika wakiwa tayari wameshaambiwa wanunue kadi ya picha, au wapige Windows upya. Tafadhali, usitoe hela kwanza. Kuna swali moja la kujibu kabla ya yote: mashine yenyewe imeganda, au ni picha tu iliyopotea? Ni maradhi mawili tofauti, na ukiyachanganya utanunua kifaa kizima kuweka mahali pa kifaa kizima.

Uwe na bisibisi ya nyota, brashi laini iliyo kavu, raba nyeupe ya penseli na tochi ya simu. Mita ya umeme ukiwa nayo, vizuri zaidi.

Hatua ya 1: Iulize kibodi

Kioo kikizima, mkono usikimbilie swichi. Bonyeza Caps Lock mara kadhaa huku ukiangalia taa yake. Ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mashine iko hai na inakusikia. Shida yako iko upande wa picha: kebo, monita, kadi au draiva (programu inayoiendesha kadi). Taa isipobadilika hata ubonyeze vipi, basi ni mashine yote iliyoganda, na watuhumiwa ni RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), umeme, joto au diski. Kama ulikuwa unasikiliza muziki, jibu unalipata hata bila kibodi. Wimbo ukiendelea gizani ni picha tu iliyopotea. Ukikwama ukawa unarudia kipande kimoja kwa kelele, imeganda yote.

Kwa Windows 10 na 11, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Utasikia mlio mfupi, kioo kitapepesa, na draiva ya picha itaanzishwa upya. Picha ikirudi, umeshaukamata upande wenye kosa.

Sasa igeukie monita. Bonyeza kitufe chake cha menyu. Menyu ikitokea, au yakitokea maandishi "No Signal", monita ni nzima ila haipelekewi picha. Isipotokea chochote na taa yake inawaka, mulika kioo kwa ubavu kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu kwa mbali, ni taa za nyuma ya kioo zilizokufa. Boksi la CPU halina kosa, usilifungue.

Hatua ya 2: Kebo

Chomoa pande zote mbili, angalia pini, rudisha, kaza skrubu. Kebo ya VGA ina nafasi za pini 15 katika safu tatu. Ukikuta moja ya safu ya kati haipo, usihangaike, nyingi zimetengenezwa hivyo. Iliyopinda ndiyo ya kunyoosha. Na kama boksi lina kadi ya picha ya kuongezwa, kebo ichomekwe kwenye kadi, si kwenye tundu la madabodi (bodi kuu ya ndani ya boksi). Mashine nyingi za ofisini "zimekufa" Jumamosi, siku ya usafi, kwa sababu hii tu.

Hatua ya 3: Umeme

Umeme wetu ni volti 230. Pawa saplai (kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme) za zamani zina swichi ndogo nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Mashine ya mtumba iliyotoka Marekani huenda imewekwa kwenye 115, kwa hiyo iangalie kabla hujaichomeka, maana ukishasikia mlipuko hakuna tena cha kuangalia. Kagua na ekstensheni: tundu lililolegea linakata na kurudisha umeme kwa kasi ambayo balbu haioneshi, lakini kompyuta inaisikia.

Mwenye mita apime wakati mashine inafanya kazi nzito, si ikiwa imepumzika. Waya mweusi ni hasi. Wa njano utoe volti 12, wekundu volti 5. Tofauti inayokubalika ni asilimia 5, yaani njano isishuke chini ya 11.4 na nyekundu isishuke chini ya 4.75. Ikishuka, badilisha pawa saplai nzima. Usiifungue: ndani yake kuna kapasita zinazoweza kuwa na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Ukiwa hapo hapo, tupia jicho kapasita za madabodi, vile vikopo vidogo vilivyosimama. Vichwa viwe bapa. Kilichovimba, au kilichovuja ute wa kahawia, ni sababu tosha ya kuganda. Mashine nyingi zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 zilikuwa na ugonjwa huu, na bado zipo kazini.

Hatua ya 4: RAM, na hapa msiharakishe

Sisi tunaishi na bahari. Hewa ya Raskazone au Chumbageni ina unyevu na chumvi, na vyote viwili vinatua kwenye miguso ya RAM na ya kadi. Utando wenyewe huuoni kwa macho, lakini unatosha kukatisha mawasiliano, hasa mashine ikishapata moto na vyuma kutanuka. Ndiyo maana nikikutana na mashine iliyoganda yote, RAM huitoa kabla sijagusa kitu kingine.

Zima, chomoa waya ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha boksi kwanza. Huku pwani umeme tuli hautusumbui kama kwenye nchi kavu, lakini kugusa chuma hakugharimu kitu. Fungua klipu, toa RAM ukiishika kingo. Ilaze juu ya karatasi, sugua ile miguso ya dhahabu kwa raba, taratibu, kuelekea upande mmoja, pande zote mbili. Makombo ya raba yafagie kwa brashi mbali na boksi. Sloti (tundu la RAM) nayo ipitishe brashi kavu. Usiipulize kwa mdomo, utaongeza mate juu ya chumvi.

Rudisha mpaka klipu zilie zenyewe. Kama una RAM mbili, weka moja peke yake, fanya kazi kwa muda, kisha weka nyingine kwenye sloti ile ile. Inayogandisha utaijua. Kwa uhakika zaidi andika mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, ujaribu RAM wakati wa kuwaka. Ikikuta kosa hata moja, RAM au sloti yake ina matatizo. Kadi ya picha nayo isafishwe kwa raba vivyo hivyo.

Hatua ya 5: Joto

Vumbi hukaa chini ya feni ya prosesa, juu ya kipozeo, likashikana kama sufi. Litoe. Ukitumia blowa, izuie feni kwa kidole isizunguke hovyo. Hakikisha kipozeo hakijalegea kona moja, na kama pesti (ule ute wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo) imekauka, futa uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi, na joto likizidi huzima zenyewe.

Hatua ya 6: Diski

Mausi inatembea lakini hakuna kinachofunguka, na taa ya diski imewaka tu bila kupepesa? Hiyo ni diski au kebo yake. Nakili mafaili yako KWANZA, vipimo baadaye.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Makorora): Shikamoo fundi. Nimesugua RAM kama ulivyoelekeza, sasa inapiga milio tu, picha hakuna kabisa. Nimeiua?

Jibu: Marahaba. Hujaiua. Hiyo milio ni madabodi inasema haiioni RAM, mara nyingi kwa sababu haijazama vizuri. Itoe, linganisha pengo la RAM na kinundu cha sloti, kisha kandamiza ncha zote mbili kwa nguvu sawa. Maana ya idadi ya milio hutofautiana kwa kila aina ya mashine, kwa hiyo usikariri ya jirani.

Swali (Chumbageni): Mimi nina duka la steshenari. Asubuhi mashine haina neno. Wanafunzi wakijaa nikaanza kuprinti, kioo kinazima, wakati mwingine inajiwasha upya. Nimeshabadilisha RAM.

Jibu: Dada, printa yako ni ya leza? Na imechomekwa ekstensheni moja na kompyuta? Printa ya leza na mashine ya kopi zina hita ya kuunguzia wino kwenye karatasi, na kila hita inapowaka inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Iangalie taa ya dukani karatasi inapotoka: ikififia, umepata jibu. Printa ipe soketi yake ya ukutani. Na usiichomeke kwenye UPS ndogo, itaizidi nguvu.

Jibu la Chumbageni: Ni ya leza, na taa kweli inafifia! Nilidhani ni TANESCO tu.

Jibu: Inawezekana na umeme wenyewe unaingia mdogo. Tenganisha kwanza, tizama kwa wiki nzima. Ikiendelea, mwite fundi wa umeme akague waya za duka, maana nyingine ni nyembamba kwa mzigo huo.

Swali (Pongwe): Fundi wa huku anasema nipige Windows upya. Nikubali?

Jibu: Kabla hujakubali, washa mashine ukiwa unabonyeza Delete au F2 (HP nyingi ni F10) uingie BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows), uiache humo nusu saa. Ikiganda humo, Windows haihusiki, kwa sababu haijawaka bado. Isipoganda humo, hapo fundi wako ana hoja, ila aanze na draiva ya picha.

Swali (Mikanjuni): Yangu saa inarudi nyuma kila asubuhi. Ndiyo inayogandisha?

Jibu: Hapana, hiyo ni betri ya sarafu ya madabodi, CR2032, volti 3. Ibadilishe tu, maana tarehe ikikosewa tovuti nyingi zitakataa kufunguka.

Swali (Ngamiani): Kaka, nimetoa kadi ya picha nikatumia tundu la madabodi, inakaa siku nzima bila shida. Kwa hiyo kadi imekufa?

Jibu: Umepima vizuri, mdogo wangu, lakini usiitupe bado. Feni ya kadi inazunguka? Kama kadi ina plagi yake ya umeme, imechomekwa? Ukitoa kadi, pawa saplai nayo inapumua, kwa hiyo huenda kadi ni nzima ila umeme hautoshi. Tafuta mwenye pawa saplai kubwa zaidi, ipachike kwake, cheza gemu ya nguvu au video ndefu. Ikipoteza picha na huko, ni kadi. Ikitulia, nunua pawa saplai.