Kuuandaa msimbo wa C ukubaliwe na kompaila ya zamani na mpya

Programu ya C ya kujumlisha uzito wa karafuu, iliyoandikwa Unguja kwenye kompyuta yenye Ubuntu 20.04, inaweza kujengwa bila onyo hata moja, kisha ikakataa katakata ikifikishwa Wete kwenye kompyuta yenye Ubuntu 24.04. Msimbo haukubadilika hata herufi; kilichobadilika ni GCC, yaani kompaila inayougeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, ambayo Unguja ni toleo la 9 na Wete ni la 13. Lawama hutupiwa kompaila mpya, ilhali mara nyingi ni ile ya zamani iliyokuwa ikilifumbia macho kosa.

Anza kwa kuendesha `gcc --version` kwenye kila kompyuta na uyaandike matoleo hayo katika faili la maelezo ya programu. Kisha taja wazi kiwango cha lugha unachokifuata, kwa sababu usipokitaja kompaila itakuchagulia, na chaguo lake hubadilika: GCC 5 ya mwaka 2015 iliacha gnu89 (kiwango cha C cha 1989 pamoja na nyongeza za GCC) ikashika gnu11, na GCC 15 ya mwaka 2025 imehamia gnu23, ambamo `bool` ni neno la lugha yenyewe, hivyo `typedef int bool;` ya miaka mingi haipiti tena. Weka `-std=gnu11` katika Makefile, yaani faili la maagizo ya kujenga programu. Ukiandika `-std=c11`, jiandae kuona funksheni kama `strdup` (ya kunakili maandishi) zikifichwa, kwani hazimo katika kiwango hicho.

Kutaja kiwango, hata hivyo, hakutatui kila kitu. Tuseme faili `mizani.h` lina mstari `int jumla;`, nalo limeingizwa ndani ya `pokea.c` na `ripoti.c`. Kila faili sasa lina `jumla` yake. Hadi GCC 9 kiunganishi, yaani programu inayounganisha mafaili yaliyojengwa, kilizichanganya zikawa kigeu kimoja. Tangu GCC 10, iliyotoka mwaka 2020, utapata ujumbe `multiple definition of 'jumla'`. Dawa ni kuandika `extern int jumla;` ndani ya `mizani.h`, na kuubakisha mstari `int jumla;` katika faili moja tu la `.c`. Lipo chaguo la `-fcommon` linalorudisha tabia ya zamani, lakini kwa maoni yangu linafaa siku ile tu ambayo mizani inasubiriwa na watu wamepanga foleni. Kesho yake msimbo urekebishwe.

Kosa lenye madhara makubwa zaidi ni kuita funksheni ambayo haijatangazwa. Kiwango cha C kiliondoa ruhusa hiyo tangu 1999, lakini GCC iliendelea kutoa onyo tu hadi toleo la 14 la mwaka 2024, lililoligeuza kuwa kosa. Ikiwa `soma_jina` inarudisha kielekezi (anwani ya kumbukumbu) cha `char` na haikutangazwa, kompaila ya zamani hudhani inarudisha `int`; kwenye kompyuta ya biti 64, kielekezi kinakatwa kikabaki biti 32, na programu huanguka mbali kabisa na mstari wenye kosa. Atakayelinyamazisha kosa hili kwa `-fpermissive` anajirudishia maradhi yaleyale.

Huhitaji kupakua kompaila mpya, na kumaliza bando, ili kujua kama msimbo wako utakubaliwa. Kompaila ya zamani inaweza kulazimishwa iwe kali kama mpya:

`gcc -std=gnu11 -Wall -Wextra -fno-common -Werror=implicit-function-declaration -Werror=implicit-int -Werror=int-conversion -Werror=incompatible-pointer-types -Werror=strict-prototypes pokea.c ripoti.c -o mizani`

Chaguo la mwisho kati ya hayo ya `-Werror` hukamata matangazo kama `int pokea();`, ambayo zamani yalimaanisha hoja zozote na katika gnu23 yanamaanisha hakuna hoja.

Baada ya hapo kuna tatizo ambalo hakuna kompaila iliyo na wajibu wa kulilalamikia. `int` ya biti 32 haizidi 2,147,483,647. Ukihesabu kwa gramu, hiyo ni karibu tani 2,147, na jumla ya msimu mzuri inaweza kuipita. Wengi hujikinga kwa kuandika `if (jumla + uzito < jumla)`. Kwa kuwa kiwango hakielezi kinachotokea `int` inapofurika, kompaila ina ruhusa ya kudhani haifuriki kamwe, na kuugeuza ukaguzi huo uwe `uzito < 0`, ambao kwa karafuu halisi hautimii hata siku moja. Toleo moja likiuacha kama ulivyo na jingine likaugeuza, programu itatoa majibu mawili tofauti bila kosa wala onyo. Andika badala yake `if (uzito > INT_MAX - jumla)` ukiwa umeingiza `limits.h`, au, jambo ninalolipendelea zaidi, tumia `long long` kwa jumla.

Kwenye Ubuntu 24.04 unaweza kuweka `gcc-12` na `gcc-14` pamoja bila kugongana. Jenga kwa kila moja, mara kwa `-O0` (bila kuuboresha msimbo) na mara kwa `-O2` (kwa kuuboresha uende kasi), uipe programu faili lilelile la mapokezi na ulinganishe matokeo kwa `diff`. Yakitofautiana, jenga tena kwa `-g -fsanitize=undefined`, na programu inapoendeshwa itakutajia faili na mstari ambapo hesabu ilifurika.