Gofu la jirani: namna ya kulifikisha mezani kwa halmashauri hadi lishughulikiwe

Nyumba iliyotelekezwa huwa na malalamiko mengi na jalada jembamba. Majirani wanakwenda ofisini mmoja mmoja, kila mtu anasema lake kwa mdomo, afisa anaitikia kwa kichwa, wanaondoka. Hakuna kilichoandikwa, kwa hiyo hakuna cha kufuatilia.

Kabla ya kwenda popote, tenganisheni kinachochukiza na kinachodhuru. Rangi iliyobabuka au geti lenye kutu haviwezi kumtikisa mtu ofisini. Afisa hupata nguvu ya kisheria pale penye hatari kwa afya au usalama: maji yaliyotuama, takataka zenye panya, karo (shimo la majitaka) lisilo na mfuniko, ukuta uliotoa tumbo, majani makavu yaliyofika kwenye uzio wa jirani, nyaya zinazoning'inia. Kila jambo lina mwenyewe. Mbu na takataka ni za afya, ukuta ni wa mhandisi wa majengo, majani makavu yanahusu zimamoto. Ukimpelekea afisa afya habari za ukuta atakwambia si kazi yake, na hatakuwa amekosea.

Ushahidi ukusanyeni kwa wiki nne. Pigeni picha mara moja kwa wiki mkiwa mmesimama palepale, barabarani au ndani ya uwanja wenu, ili picha ya kwanza na ya nne ziweze kulinganishwa. Majani yakiwa marefu, simamisheni karibu nayo, upande wenu, ufito uliowekwa alama kila nusu mita: "majani marefu" ni maneno, "mita 1.5" ni kipimo. Wekeni na daftari: tarehe, saa, kilichoonekana, aliyekiona. Andikeni vitendo, msihukumu watu. "Watu watatu waliingia kwa dirisha la nyuma saa nne usiku" inatosha. Mkiandika "wezi" au "wavuta bangi" bila uthibitisho, shauri la gofu linaweza kugeuka kesi ya kashfa dhidi yenu.

Maji yanahitaji uangalifu zaidi, maana ndiyo hoja inayosikilizwa haraka. Kama mnayafikia bila kuvuka mpaka, chotea kwenye kikombe cheupe uache yatulie: viluwiluwi wataonekana wakijipindapinda kupanda na kushuka. Kwenye joto, yai hufika kuwa mbu kwa siku 7 hadi 10 hivi, kwa hiyo picha mbili za dimbwi lilelile zilizopishana wiki mbili zinaonyesha kwamba maji yamekaa muda wa kutosha kuzalisha. Jambo jingine la kumkumbusha mwenye nyumba baadaye: mbu wanaoeneza dengue hutaga juu kidogo ya maji, kwenye kuta za chombo, na mayai yao hustahimili ukavu kwa miezi. Pipa likimwagwa bila kusuguliwa, mvua ijayo mbu wanarudi.

Msiingie ndani, hata mlango ukiwa wazi. Kisheria mnaharibu shauri lenu wenyewe, na hatari ni ya kweli. Sakafu huoza chini ya mkeka. Hewa ya karo huua kimyakimya, na mara nyingi anayefuata kuokoa naye hubaki humo. Ukuta unaoinama kaeni mbali nao angalau mara moja na nusu ya kimo chake, kwa kuwa matofali hayaangukii chini ya ukuta tu, hutawanyika.

Mwenye nyumba atafuteni ofisi ya ardhi kwa namba ya kiwanja, au kwenye orodha ya walipa kodi ya majengo. Mara nyingi jina litakalotoka ni la marehemu, na hapa ndipo mashauri mengi yanapokwama: notisi ya halmashauri ya kumtaka mwenye nyumba arekebishe inatumwa kwa jina la aliyekufa, hairudi, hakuna anayeuliza. Ulizeni familia msimamizi wa mirathi ni nani. Kama bado hajateuliwa, semeni hivyo kwenye barua yenu kwa halmashauri. Sheria za sehemu nyingi zinaruhusu notisi ibandikwe kwenye jengo lenyewe.

Barua iwe ya ukurasa mmoja na ihusu nyumba moja. Tofauti iko hivi. "Tunaomba mtusaidie kuhusu nyumba mbovu inayotukera siku nyingi" itafungiwa kabatini. Hii itatembea:

"Kiwanja namba __. Karo upande wa barabara halina mfuniko, mdomo wake una upana wa sentimita 60, liko mita 4 kutoka njia wanayopita wanafunzi (picha 1 na 2). Tunaomba ukaguzi ndani ya siku 14 na namba ya jalada."

Saini kumi za wanaopakana na nyumba hiyo, kila moja na namba ya nyumba, zina uzito kuliko mia za watu wa mbali. Pelekeni nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, mrudi nayo. Asiyekubali kugonga muhuri, muulizeni jina na cheo, muandike.

Siku ya ukaguzi mtu mmoja awepo, mwenye picha na daftari, amwonyeshe afisa pa kusimama uani kwenu panapoonekana vizuri. Kabla afisa hajaondoka aulizwe mambo mawili: notisi itatoa siku ngapi, na atarudi tarehe gani kukagua tena. La pili ndilo linalosahaulika. Notisi inatoka, siku zinaisha, hakuna aliyeweka alama kwenye kalenda, na mwenye nyumba anajifunza kwamba karatasi ile haiumi. Siku ya kwanza baada ya muda kuisha, pelekeni barua fupi yenye namba ya jalada na picha ya asubuhi hiyo. Ulizeni pia kama halmashauri inaweza kufanya kazi yenyewe kisha gharama ziingizwe kwenye deni la kiwanja. Penye sheria hiyo, kuitaja tu huharakisha majibu.

Mkianza kupigwa danadana, pandeni ngazi moja moja: mkuu wa idara, kisha diwani, kisha kikao cha baraza. Afisa aliyerukwa hakumbuki tena jalada liko wapi.

Wakati mwingine mwenye nyumba yupo, ila ni mzee au mgonjwa na hana uwezo. Huyo msianze kwa kumwombea notisi. Washirikisheni ustawi wa jamii, kisha mwombeni mwenye nyumba ruhusa ya maandishi ya kusafisha, ikitaja siku, sehemu ya kuguswa na vitu visivyotupwa.

Jengo likishasafishwa lizibwe, kwa ruhusa hiyohiyo au kwa amri ya halmashauri. Mbao za madirisha zifungwe kwa bolti ndefu zinazoshika boriti iliyolazwa kwa ndani. Misumari hung'olewa usiku mmoja. Acheni matundu ya hewa, la sivyo unyevu utamaliza paa. Umeme na maji yakatwe kwenye mita na mafundi wa mashirika ya umeme na maji. Na mahali mkokoteni ulipokuwa ukipita kumwaga taka, chimbieni nguzo zenye nafasi ya sentimita 50: mtu wa miguu anapita, mkokoteni haupiti.