Pasi ya Kijerumani, dini yako na uraia wa kwetu: ya kujua kabla hujasaini

Kila Ramadhani, baada ya futari, swali moja huzuka kwenye ukumbi tunaokodi hapa Hamburg. Huulizwa na mtu aliyetimiza miaka mitano au sita nchini, ana kazi, ana watoto ambao Kijerumani chao kimeshakishinda Kiswahili: "Nikichukua uraia wao, napoteza nini?" Hapo majibu humiminika. Huyu atasema utaulizwa dini yako. Yule atasema mwanamke mwenye hijabu hapewi. Wa tatu atasema siku hizi unabaki na pasi zote mbili. La kwanza lina ukweli nusu, la pili ni uongo mtupu, na la tatu linategemea pasi uliyonayo sasa. Nimekaa na jamaa wengi kuwajazia fomu hizi, na nimeona watu wakipoteza haki zao kwa kushika maneno ya barazani. Kwa hiyo nayaandika haya kwa kirefu.

Anza na sheria ya nyumbani

Tangu tarehe 27 Juni 2024, Ujerumani haimlazimishi tena mtu kuukana uraia wake wa awali. Muda wa kuishi nchini nao ukapunguzwa kutoka miaka 8 hadi 5. Ile njia ya mkato ya miaka 3 ilifutwa mwaka 2025, basi anayekuambia bado ipo amechelewa habari.

Lakini sheria hiyo ni ya Ujerumani. Haiwezi kusema lolote juu ya uraia wako wa Tanzania. Kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995, mtu mzima akijichukulia uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma. Kuendelea kusafiria pasi ya Tanzania baada ya hapo ni kosa, hata kama Mjerumani hajakunyang'anya. Na kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, kwa kawaida asiye raia hamilikishwi ardhi Tanzania Bara ila kwa uwekezaji unaokubalika kisheria. Zanzibar ina sheria zake za ardhi. Mwenye kiwanja Kigamboni au shamba la urithi Muheza aonane na wakili kabla ya kula kiapo. Akishakula, amechelewa. Kuhusu hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, ulizia ubalozini Berlin taratibu zilizopo siku utakayoomba, ukijua kwamba hadhi maalumu si uraia.

Mkenya ana nafasi pana zaidi. Katiba ya 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine, na aliyeupoteza zamani anaweza kuuomba tena. Ila kuna sharti ambalo wengi hawalijui: Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inakutaka uitaarifu serikali ya Kenya ndani ya miezi 3 tangu uwe na uraia pacha, na kunyamaza ni kosa lenye adhabu. Uganda na Rwanda nazo zinaruhusu uraia pacha kwa taratibu zao. Kongo hairuhusu: katiba yake ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine.

Mtanzania akiniuliza achukue au aache, simwamulii. Namwomba aangalie maisha yake ya miaka 10 ijayo. Ukaazi wa kudumu unakutosha kufanya kazi na kuishi, lakini haukupi kura katika uchaguzi wa bunge, na kwa kawaida ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6 unaweza kufutika. Kwa mtu ambaye mama yake ni mzee Tanga, hili ni zito. Akienda kumuuguza mwaka mzima, anaweza kurudi akute mlango umefungwa. Akiwa na pasi ya Kijerumani, mlango wa huku hauna shida, ila kwa mama ataingia kwa viza. Nimemwona dada mmoja akilia mezani kwangu kwa sababu hii, na sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumtilia chai.

Watoto nao wana hesabu yao. Aliyezaliwa Ujerumani wakati mzazi mmoja ana ukaazi wa kudumu na ameishi kihalali miaka 5, ni Mjerumani tangu kuzaliwa. Akiwa pia Mtanzania kwa nasaba, Tanzania itamtaka achague mmoja afikapo miaka 18. Mwambieni mapema, msimwache agundue kwenye dirisha la uhamiaji uwanja wa ndege.

Majina

Hapa ndipo faili nyingi hukwama, na hakuna anayetuonya. Kwetu mtu ni Mwanaisha, binti Juma, mjukuu wa Ali. Mjerumani anataka jina la kwanza na jina la ukoo, basi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaisha Juma, pasi inasema Mwanaisha Juma Ali, cheti cha ndoa kimeandikwa Aisha. Kwako ni mtu mmoja, kwa ofisi ni watu watatu, na utambulisho usiothibitika husimamisha maombi yote. Cheti kilichotolewa miaka 20 baada ya kuzaliwa nacho huzua maswali, na ukaguzi wa hati kupitia ubalozi wa Ujerumani huchukua miezi. Sawazisha majina nyumbani kwanza, kwa hati ya kiapo na marekebisho RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, au kwa ofisi ya nchi yako, ndipo upeleke faili. Ukishapata uraia, sheria ya Ujerumani inakuruhusu kutamka rasmi lipi liwe jina lako na lipi la ukoo. Itumie nafasi hiyo. La sivyo wewe, mumeo na watoto mtakuwa na majina ya ukoo tofauti, na kila safari mtaulizwa kama watoto ni wenu.

Ndoa na talaka

Nikaha iliyofungwa msikitini Hamburg au Berlin ni halali mbele ya Mungu. Mbele ya sheria ya Ujerumani haipo. Ndoa inayotambulika ni ile ya Standesamt, ofisi ya usajili. Tangu 2009 si kosa kutanguliza ibada, na kwa hiyo vijana wengi huishia kwenye nikaha tu. Mume akifa, mjane hana pensheni ya ujane wala urithi wa kisheria. Dada zangu, nendeni Standesamt asubuhi, nikaha ifungwe jioni, na mahari mtatajiwa kama kawaida. Ndoa ya Kiislamu iliyofungwa kwetu na kusajiliwa ni jambo jingine. Hiyo kwa kawaida hutambuliwa, mradi cheti kipo na kimekaguliwa.

Mitala inaruhusiwa kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971. Ujerumani, mwenye wake wawili kwa wakati mmoja hapewi uraia. Kifungu cha 11 cha sheria yao ya uraia kinasema hivyo waziwazi. Wapo wanaomficha mke wa nyumbani. Nasema bila kumung'unya maneno: unamdhulumu huyo mama, na unajichimbia shimo, kwa sababu uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa ndani ya miaka 10.

Na kuna wasioficha chochote ila makaratasi yao yanadanganya. Mtu ametamka talaka kwa simu kutoka Bremen, kwao wote wanajua ndoa imekwisha, akaoa tena. Talaka ndani ya Ujerumani hutolewa na mahakama peke yake. Kwa hiyo kwenye faili huyu ana wake wawili. Kama una talaka ya namna hii, ishughulikie kwa wakili wa ndoa kabla ya kugusa fomu ya uraia.

Dini yako kwenye fomu

Siku ya kujisajili makazi, Anmeldung, utaona sehemu ya dini. Watu wengi hutetemeka hapo. Inahusu kodi ya kanisa, ambayo serikali inazikusanyia jumuiya za dini zenye hadhi hiyo, na misikiti karibu yote haimo. Katiba ya Ujerumani ya 1949 inalinda imani katika kifungu cha 4, na inasema hakuna anayelazimika kutangaza imani yake. Picha ya pasi yenye hijabu inaruhusiwa kwa sababu za dini, uso uonekane kuanzia kidevu hadi paji.

Kwenye maombi ya uraia dini haiulizwi, lakini itikadi inaulizwa. Ofisi ya uraia huwasiliana na idara ya usalama ya kulinda katiba, na huenda ukapewa orodha ya vikundi useme kama umewahi kujiunga navyo. Isome yote, jibu kweli. Usiweke sahihi kwenye lugha usiyoielewa hata kama karani ana haraka.

Utatia sahihi pia tamko la kukubali utawala wa kidemokrasia, na tangu 2024 tamko hilo linataja wajibu wa Ujerumani kutokana na udhalimu wa Wanazi na ulinzi wa maisha ya Wayahudi. Nimewasikia wenzetu wakisema historia hiyo haituhusu. Nawaomba waende Berlin, mtaa wa Brunnenstraße, namba 193. Kwenye njia ya miguu pana kijiwe cha shaba chenye jina la Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto katika jeshi la Wajerumani, akafika Berlin mwaka 1929 kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa. Hakulipwa. Alifundisha Kiswahili chuo kikuu, alihudumu mgahawani, aliigiza filamu, akaoa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa "kosa" la kuwa na mwanamke mzungu, akafungwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Mwislamu, Mswahili, aliyeitumikia nchi hii tangu utotoni. Kila nikipita pale namsomea Fatiha, na tangu nimjue, aya ile ya tamko nimeisoma kama inanihusu mimi.

Mkono

Swali la kupeana mkono ni la kweli, msilidharau. Daktari mmoja kutoka Lebanon alikuwa ameshafaulu kila kitu, lakini siku ya kukabidhiwa hati alikataa kumpa mkono ofisa mwanamke. Mwaka 2020 mahakama kuu ya utawala ya Baden-Württemberg ikaunga mkono uamuzi wa kumnyima uraia. Alieleza baadaye kwamba wanaume nao hawapi mkono, haikusaidia. Mimi naona hukumu ile ilikuwa kali, kwa sababu heshima ina njia nyingi na kwetu mkono kifuani ni heshima kamili. Lakini hukumu ipo. Kama hili ni la dhamiri kwako, zungumza na shehe unayemwamini na wakili, wiki nyingi kabla ya siku yenyewe. Usiende kuamua ukiwa umesimama mbele ya ofisa.

Kuhusu kazi: ukinyimwa kwa sababu ya hijabu, jina au rangi, sheria ya usawa ya 2006 (AGG) inakupa miezi 2 tu tangu upate jibu kudai fidia kwa maandishi. Hifadhi tangazo la kazi, barua pepe na majina ya waliokuwepo. Dada wanaosomea ualimu wajue kwamba mwaka 2015 mahakama ya katiba ilisema haifai kuwapiga marufuku walimu wote wenye hijabu bila kuonyesha hatari ya kweli kwa amani ya shule. Wenye watoto Hamburg wajue kuna mkataba wa 2012 kati ya jiji na jumuiya za Kiislamu unaozitambua sikukuu zetu, hivyo mtoto anaruhusiwa kukosa shule siku ya Idi. Peleka barua mapema.

Mtihani wa uraia usikunyime usingizi. Maswali ni 33, unahitaji kupata 17, muda ni saa moja, na yote yanatoka kwenye benki ya maswali 310 iliyo wazi kwa kila mtu. Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati, ndicho kazi hasa. Ada ni euro 255, na euro 51 kwa mtoto asiye na kipato. Mwanafunzi mwenye kibali cha masomo peke yake lazima abadilishe kibali kwanza, na anayetegemea msaada wa serikali wa kujikimu atakwama, isipokuwa kwa misamaha michache. Ofisi ikikaa kimya zaidi ya miezi 3 bila sababu ya msingi, una haki ya kwenda mahakamani, ingawa barua ya wakili mara nyingi huamsha faili.

Siku ya hati utasema kwa sauti kwamba utaiheshimu katiba na sheria za Ujerumani na kuacha yote yanayoweza kuidhuru. Hakuna Biblia, hakuna msalaba, hutakiwi kuitaja dini yoyote. Ukitoka, piga nakala mbili za hati kabla hujaanza kupiga picha na jamaa. Wiki hiyohiyo omba pasi na kitambulisho. Mkenya aandike barua kwa serikali yake ndani ya ile miezi 3. Mtanzania apige simu ubalozini aulize utaratibu wa kurudisha pasi, na akate viza kabla ya tiketi.