Jinsi ya kutumia akili mnemba kununua chakula bora, na kisiishie kuoza kwenye friji

Kitu cha kwanza kabisa, usisubiri mpaka ufike dukani ndo ufungue aplikesheni. Wengi tunakosea hapo, mtu anasukuma kitoroli, ana njaa, mtoto anamvuta nguo, ndo anaanza kuiuliza simu "ninunue nini chenye afya", anapewa majibu ya juu juu na anaishia kubeba vilevile anavyobeba siku zote. Anza nyumbani, anza na friji na kabati, maana hapo ndo afya na mazingira vinakutana. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula na asilimia 60 yake ilitoka majumbani. Majumbani jamani, sio mahotelini wala madukani. Hiyo namba iliniuma kwa sababu mboga zilizonyauka kwenye droo ya chini ya friji yangu nazijua.

Basi fanya hivi. Piga picha friji ikiwa wazi, piga na kabati, zitume kwenye ChatGPT au Gemini au yoyote unayotumia inayosoma picha. Usiandike "nipangie mlo wenye afya" ukaishia hapo. Iambie kama unavyomwagiza mtu ambaye hajawahi kufika kwako. Mi huwa naandika hivi:

"Tuko watu 4, mmoja ana aleji ya karanga. Tunapika jioni 5 kwa wiki, kila pishi lisizidi dakika 40. Kwanza niorodheshee unachokiona kwenye picha, na kile usicho na uhakika nacho kiweke pembeni. Halafu panga milo ukianza na vitakavyoharibika mapema. Mwisho nipe orodha ya vinavyopungua tu, na kiasi chake. Usiniongezee kitu ambacho kitatumika kwenye mlo mmoja tu."

Ile ya kuorodhesha kwanza usiiruke. Picha haioni kilichojificha nyuma ya sufuria, na hata kinachoonekana inaweza kukikosea, mara moja ilisoma kopo la nyanya ikasema ni maharage, ikanipangia milo miwili ya maharage ambayo sina. Kama isingeniorodheshea kwanza nisingejua mpaka niwe jikoni saa moja jioni. Na ile sentensi ya mwisho ndo inayookoa hela zaidi, kwa sababu bila hiyo itakununulisha fungu zima la majani ya kunukishia kwa ajili ya kijiko kimoja cha supu, na yaliyobaki unajua yanakoishia.

Sasa dukani. Hapa aplikesheni za kuskani barkodi ndo zinafanya kazi yake. Open Food Facts ilianzia Ufaransa 2012, ni ya bure, taarifa zake zinaingizwa na watu wa kujitolea na akili mnemba inasaidia kusoma picha za lebo. Yuka nayo ni ya Ufaransa, inatoa alama kwa 100. Ila uelewe alama hiyo inatoka wapi: asilimia 60 ni virutubisho, 30 ni viongezeo vya kiwandani, 10 ni kama bidhaa ni ya kilimo hai. Kwa hiyo kitu kinaweza kushuka alama kwa ajili ya kiongezeo wakati sukari yake ni ya kawaida, na kingine kikapanda kwa sababu tu ni cha kilimo hai. Nasema hivi kwa sababu naona watu wanairudisha bidhaa kwenye rafu kisa rangi ya hiyo alama tu, hawajasoma hata mstari mmoja. Alama ikuonyeshe pa kutazama, lebo ndo iamue.

Mfano yogati. Umeshika mbili, moja ya matunda imeandikwa sukari gramu 12 kwa kila gramu 100, nyingine isiyo na kitu ina 5. Ile 5 usiiogope, ni sukari ya asili ya maziwa. Tofauti ni gramu 7, na kikombe kina gramu 150, kwa hiyo umeongezewa kama gramu 10 na nusu, vijiko viwili na nusu vya chai. WHO inashauri sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Kikombe kimoja kimeshakula karibu nusu ya hiyo 25. Hesabu hii usiumize kichwa, piga picha lebo mbili uiambie akili mnemba izilinganishe kwa gramu 100, sio kwa "kipimo kimoja" maana kila kiwanda kina kipimo chake. Na lebo ikiandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5 ndo upate chumvi, kikomo cha WHO ni chini ya gramu 5 kwa siku.

Kuhusu chumvi, hapa nisikilizeni vizuri. Ukiiambia akili mnemba "nipunguzie chumvi" inaweza kukushauri chumvi mbadala, na nyingi zina potasiamu, ambayo kwa mwenye ugonjwa wa figo au anayemeza baadhi ya dawa za presha ni hatari kweli. Kama nyumbani kuna mgonjwa, orodha ipite kwanza kwa daktari au mtaalamu wa lishe.

Upande wa mazingira watu wengi wanahangaika na umbali chakula kilikotoka. Kwa vyakula vingi usafiri ni sehemu ndogo tu ya uchafuzi, labda kiwe kimepakiwa kwenye ndege, kama matunda laini yanayoharibika haraka. Kinachobeba mzigo mkubwa ni aina ya chakula chenyewe, nyama ya ng'ombe ikiwa juu mno na jamii ya kunde ikiwa chini kabisa. Kwa hiyo badala ya kuuliza "kipi rafiki wa mazingira", uliza "kwenye hii milo 5, ni miwili ipi naweza kubadili nyama kwa kunde na protini isipungue, na niongeze viungo gani familia isilalamike". Swali likiwa hivyo jibu linapikika.

Aplikesheni za maduka yenyewe ziangalie kwa jicho lingine. Kuna moja niliyotumia, kila nikiweka mboga kwenye oda inanipendekezea biskuti, baadae ndo nikaona maandishi madogo kwamba yale ni matangazo. Na kama inataka kusoma majina yote ya kwenye simu yako ili ikupe orodha ya sokoni, ikatalie.

Ukirudi, piga picha risiti uihifadhi kwenye chati ileile. Kila kinachotupwa kitaje pale pale, "nimetupa nusu kabichi, karoti 3", mstari mmoja unatosha. Baada ya wiki tatu hivi iulize ni vitu gani unanunua zaidi ya unavyokula, halafu orodha ya wiki inayofuata ianzie hapo.