Mpira wa Watoto wa Jirani na Uzio Wako: Kagua, Zungumza, Karabati

Mara nyingi uzio hauharibiwi na mpira. Unaharibiwa na mtoto anayeufuata mpira. Mpira wa saizi 5 una uzito wa gramu 410 hadi 450, na ukigonga seng'enge iliyokazwa vizuri hurudi ulikotoka. Lakini mtoto wa kilo 30 akikanyaga matundu ya wavu apande, uzito wake wote unaning'inia kwenye nyuzi chache za juu: wavu unashuka, nguzo inainama, na siku ya pili wenzake wanapitia hapo hapo. Kwa hivyo kabla ya kubisha hodi kwa jirani, jua kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili kinachokuumiza.

Hatua ya 1: Soma uharibifu

Pita kando ya uzio wote, upande wako na, ukiruhusiwa, upande wao. Wavu uliobonyea kati ya kiuno na kifua ni mashuti ya karibu. Wavu uliolegea juu na kupindia ndani ni wapandaji. Ulioinuliwa chini ni watambaaji. Kwenye mabati tafuta misumari iliyong'oka katikati ya bati, na kwenye ua wa michongoma tafuta uchochoro wenye matawi makavu yaliyovunjikia ndani.

Kisha tafuta goli. Huwa ni mawe mawili au jozi ya malapa. Kama goli limekaa mbele ya uzio wako, kila shuti linalokosa goli ni lako, na hakuna ukarabati utakaodumu hadi goli ligeuzwe. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hulipita bila kuliona.

Piga picha zenye tarehe. Kwa wiki mbili andika siku, saa, sehemu na kilichoharibika, zikiwemo mboga. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba uchezaji huongezeka, basi usisubiri hadi shule zifungwe.

Hatua ya 2: Jua uzio ni wa nani na umesimama wapi

Tafuta bikoni za ploti, yaani alama za mipaka zilizowekwa na mpima ardhi. Ua mwingi wa zamani haukupandwa juu ya mpaka wenyewe bali upande mmoja wake, wakati mwingine hatua nzima, na ni aibu kudai fidia ya uzio uliosimama kwenye ardhi ya mwenzako. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kwanza.

Hatua ya 3: Nenda kwa mzazi

Usiende mpira ukiwa bado unadunda kwenye sukuma wiki. Usimkaripie mtoto ukamwachia apeleke ujumbe nyumbani, utafika umegeuka. Jumapili jioni ni wakati mzuri. Salimu, uliza hali za nyumbani, kubali kiti ukipewa, ndipo useme.

Nenda na maombi matatu yanayotekelezeka, si lawama ya jumla:

"Mama, hawa watoto ni wetu sote na sitaki waache kucheza. Naomba tu goli ligeuzwe lielekee upande wa barabara ya ndani, si kwangu. Mpira ukiingia, aje mtoto mmoja, apitie geti, abishe hodi. Na hii sehemu ya mita sita iliyolala, tugawane gharama. Hii hapa bei ya fundi."

Geuza goli robo mzunguko, ili mashuti yaende sambamba na uzio badala ya kuugonga uso kwa uso. Hatua hii haigharimu chochote. Ile ya geti nayo ndiyo inayookoa nyuzi za juu, basi na wewe timiza upande wako: mtoto akibisha, mpe mpira wake bila hotuba. Ukimsubirisha nusu saa, kesho ataruka.

Mkikubaliana, andikeni mistari minne kwenye karatasi, kila mmoja abaki na nakala.

Hatua ya 4: Karabati kwa namna inayostahimili

*Chenilinki (wavu wa waya).* Kila uzi ni zigizaga moja kutoka juu hadi chini, iliyoshikana na jirani zake kushoto na kulia. Kwa sababu hiyo uzi mmoja ukikatika huhitaji roli mpya. Legeza wavu kidogo, kisha funga pande mbili za uzi ulioharibika kwa waya ya kufungia ili wavu usiachane. Nyoosha vikunjo vya juu na chini kwa koleo, uuzungushe uzi kama unayefungua parafujo. Utapanda wenyewe hadi utoke. Chukua uzi mzima kutoka kipande chenye matundu na unene uleule, uingize kwa kuzungusha vilevile, ukiangalia kila pindo linanasa pande zote mbili. Ukiruka pindo moja utaona tundu pana kuliko mengine. Rudisha nyuma, usilazimishe. Malizia kwa kukunja ncha zote mbili. Ncha iliyoachwa wazi huchana mikono ya watoto.

Sababu kubwa ya wavu kulegea ni kutundikwa bila waya za mkazo. Weka tatu: juu, katikati, chini, na uzikaze kabla ya kufunga wavu. Kumbuka pia kwamba namba ya geji ikipanda, waya unapungua unene. Geji 16 ni rahisi mfukoni, lakini mbele ya uwanja wa watoto nunua 12.5.

*Nguzo.* Kwa kawaida nafasi ni mita 3. Sehemu inayopigwa mpira punguza hadi 2 au 2.5. Shimo liwe na kina cha sentimita 60 na upana wa 30. Changanya karai 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Mfuko wa kilo 50 hutosha mashimo kama matatu. Tanguliza kokoto kavu chini, pima wima kwa timazi, na uinamishe uso wa zege kutoka kwenye nguzo ili maji yasituame. Nguzo za mti hukatikia pale usawa wa ardhi, ambapo mchwa na unyevu hukutana, kwa hivyo nunua zilizotiwa dawa. Za pembeni zipewe viegemeo, la sivyo ukikaza waya zitakufuata.

*Mabati.* Bati la futi 6 lenye mbao mbili tu, juu na chini, hubonyea katikati na kung'oa misumari. Ongeza mbao ya tatu katikati. Kelele pia hupungua.

*Michongoma.* Panda miche mistari miwili kwa mpishano, sentimita 30 kati ya mche na mche, na uzibe pengo kwa fito hadi ua ufunge. Fito zikitolewa mapema, uchochoro unarudi.

Hatua ya 5: Wavu wa kunasa mpira

Goli likikosa pa kugeuzwa, weka wavu nyuma yake. Kisumu na mwambao wote wa ziwa, wavu wa kuvulia uliochakaa hupatikana kwa bei nafuu. Matundu ya sentimita 10 yanatosha, maana mpira una kipenyo cha kama sentimita 22. Simamisha nguzo mbili za mita 4 juu ya ardhi, mbali kabisa na nyaya za stima, pitisha waya nene juu, utundike wavu.

Usiukaze. Wavu uliokazwa huurusha mpira na kuvuta nguzo; uliolegea hula nguvu ya shuti na mpira huanguka chini ukiwa umekufa. Uache sentimita 30 za ziada chini, zilale ardhini. Jua hula nailoni, basi vuta uzi mmoja kwa mkono kila baada ya miezi michache. Ukikatika kirahisi, badilisha. Ndege akinaswa, mtoe siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Mkikosa kuelewana

Anza na Nyumba Kumi (kikundi cha usalama cha majirani) au mzee wa mtaa, kisha naibu wa chifu, kisha chifu. Peleka picha na daftari lako. Mengi huishia hapo. Yasipoisha, hapa Kenya Mahakama ya Madai Madogo ipo Nakuru na Kisumu. Husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kwenda bila wakili. Polisi si njia ya jambo hili. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa kosa la jinai, na kumtisha mtoto kwa pingu ni kuvunja ujirani kwa sababu ya waya.

Maswali ya wasomaji

Swali (Lanet): Baba yao anasema "hao ni watoto tu" na halipi. Sheria inambana?

Jibu: Mzazi halipii kila kitendo cha mtoto kwa sababu tu ni mzazi. Lazima uonyeshe alizembea kumsimamia. Ndiyo maana tunasisitiza daftari na ujumbe wa simu wa heshima: akishajulishwa mara mbili na hakufanya lolote, uzembe ni rahisi kuuonyesha.

Swali (Mamboleo): Naweza kuweka chupa zilizovunjika juu ya ukuta?

Jibu: Usiweke. Watoto wanapanda hapo na wewe unajua wanapanda. Mmoja akikatwa, suala la uzio limekwisha na suala la mtoto aliyeumia, ambalo utalijibu wewe, limeanza. Mpira unaporudishwa kupitia geti, hakuna anayeruka.

Swali (Ahero): Nguzo zangu zinainama kila mvua kubwa, hata bila mpira.

Jibu: Huo ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Huvimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Chimba sentimita 90, chini pawe papana kuliko juu. Zege likimwagika likatanda juu kama uyoga, udongo ukivimba utalisukuma na kuing'oa nguzo. Jaza sehemu ya juu kwa moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka.

Swali (Kiamunyi): Nimeuzuia mpira wao hadi walipe. Nimekosea?

Jibu: Urudishe leo. Mpira ni mali yao, na ukiuzuia mazungumzo yanageuka kuwa ya mpira badala ya uzio.

Swali (Kakamega): Wanacheza kwenye ploti tupu, watoto wa nyumba kumi na zaidi. Nimwone nani?

Jibu: Tafuta vijana wawili wakubwa wanaopanga timu, maana hao ndio wenye uwanja. Waombe wageuze goli, wakusaidie kufunga wavu. Wazazi waite kwa pamoja kupitia mzee wa mtaa, kila nyumba ichangie kidogo. Mwenye ploti naye ajulishwe kabla hamjachimba mashimo.